Namba za Ramu: Mama, Jua Unachonunua

Ukurasa huu umezoea kuzungumza juu ya mambo ya nyumbani: akiba ya chakula, afya ya watoto, matumizi ya fedha. Mwezi huu tutazungumza juu ya kifaa ambacho siku hizi kimeingia katika nyumba nyingi hata vijijini, yaani laptopu ya mtoto aliye chuoni. Tusishtuke. Tukishaweza kusoma mzani wa pamba na kuitofautisha pamba safi na pamba fifi, haya nayo tutayaweza.

Barua tuliyoichagua imetoka Lalago, wilayani Maswa, mkoani Simiyu. Mwandishi wake ni mama mkulima. Ana binti anayesomea ualimu, na binti huyo anatumia laptopu iliyotumika, aina ya HP EliteBook 840 G2, yenye ramu ya GB 4. Ilipokuwa nzito mno, mama aliuza pamba, akatenga fedha, akamwagiza kijana wa jirani aliyekuwa akienda mjini. Dukani kijana aliambiwa kwamba ramu iliyoandikwa 3200 ndiyo yenye kasi kuliko zote, naye akainunua. Kufika nyumbani, kipande hakikuingia katika nafasi yake. Duka likakataa kukipokea kwa sababu pakiti ilikwisha kufunguliwa. Mama anauliza mambo mawili: angejuaje mapema, na je, amweleze baba wa watoto au anyamaze?

Tuanze na swali la kwanza, kwa kuwa ndilo refu.

RAMU NI NINI?

Ramu ni kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Fikiria jikoni kwako. Ghalani umeweka magunia ya mahindi, mchele na maharage. Hiyo ndiyo diski, mahali vitu vinapokaa hata umeme ukizimwa. Lakini hupikii ghalani. Unachukua kiasi unachohitaji na kukiweka mezani karibu na jiko. Meza hiyo ndiyo ramu. Kompyuta ikizimwa, meza inafutwa.

Meza ikiwa ndogo, mpishi hushinda akienda na kurudi ghalani. Hivyo ndivyo laptopu inavyokuwa nzito ramu ikijaa: inalazimika kutumia diski badala ya ramu, na diski ni ya polepole mno. Diski ya zamani inayozunguka hutoa megabaiti kama 100 kwa sekunde inaposoma vizuri. Ramu ya kawaida ya laptopu ya mwaka 2015 huweza kupitisha megabaiti 12,800 kwa sekunde. Tofauti ni zaidi ya mara mia.

Kwa hiyo yapo mambo mawili ya kuangalia katika ramu: ukubwa wa meza, ambao hupimwa kwa gigabaiti (GB), na kasi. Mama wa Lalago aliuziwa kasi, na hapo ndipo namba zilipomchanganya.

KITU KIMOJA, NAMBA TATU

Chukua ramu ya aina iliyomo katika laptopu ya binti huyo. Muuzaji mmoja ataiita 1600. Mwingine ataiita 12800. Fundi akifungua programu ya kupimia, ataona 800. Mtu asiyejua atadhani ni ramu tatu tofauti, au kwamba mmoja wao anadanganya. Kumbe wote wanasema kweli.

Tuseme una mkokoteni wa ng'ombe unaosomba pamba kutoka shambani hadi kituo cha kununulia. Mtu anaweza kukuuliza maswali matatu. Ng'ombe wanazunguka mara ngapi kwa siku? Mzigo unafikishwa mara ngapi? Na jumla ya magunia ni ngapi?

Katika ramu, mapigo ya saa ya ndani ni milioni 800 kwa sekunde. Hiyo ndiyo 800 aliyoiona fundi. Lakini ramu za siku hizi ni za aina iitwayo DDR, ambayo hupitisha mzigo mara mbili katika kila pigo, kama mkokoteni unaobeba mzigo wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Kwa hiyo mizigo ni milioni 1,600 kwa sekunde. Hiyo ndiyo 1600. Tena kila mzigo hubeba baiti 8. Zidisha 1,600 kwa 8, utapata 12,800, yaani megabaiti kwa sekunde. Hiyo ndiyo 12800.

Basi kanuni ni nyepesi: namba ndogo zidisha kwa 8, utapata namba kubwa, namba kubwa gawanya kwa 8, utapata namba ndogo. Iandike kwenye daftari lako hivi:

DDR3-1333 ni PC3-10600.
DDR3-1600 ni PC3-12800.
DDR4-2133 ni PC4-17000.
DDR4-2400 ni PC4-19200.
DDR4-2666 ni PC4-21300.
DDR4-3200 ni PC4-25600.

Ukipiga hesabu utaona baadhi hazilingani kabisa. Mfano 2,666 mara 8 ni 21,328, lakini wameandika 21300. Wamekata mwishoni tu ili jina liwe rahisi kutamkika. Muuzaji asikuambie kwamba PC4-19200 ni bora kuliko DDR4-2400 na hivyo uongeze fedha. Ni kitu kile kile.

MAJINA HAYA YALITOKA WAPI?

Tunaweza kujiuliza kwa nini wasitumie jina moja tu. Sababu kubwa ilikuwa biashara. Katika miaka ya 1990 kumbukumbu ziliitwa kwa mapigo ya saa: PC100, kisha PC133. Mtu alielewa. Baadaye kampuni ya Rambus ya Marekani ilileta kumbukumbu ya namna nyingine, na ile iliyojulikana sana ikaitwa PC800. Wenye DDR, ambayo viwango vyake vilitolewa mwaka 2000, walikuwa na kumbukumbu ya mizigo milioni 200 na 266 kwa sekunde. Kama wangeiita PC200 na PC266, mnunuzi angeiona duni kando ya PC800. Basi wakahesabu jumla ya mzigo wote kwa sekunde, wakaziita PC1600 na PC2100. Tangu hapo majina mawili yamekwenda pamoja.

Somo ni kwamba namba kubwa kwenye pakiti haikuwekwa kwa ajili ya kumsaidia mama mwenye fedha kidogo. Iliwekwa ili ivutie.

KIZAZI HUTANGULIA KASI

Kosa la dukani lilikuwa kwenye kizazi. Ramu huenda kwa vizazi: DDR3, ambayo kiwango chake kilitolewa mwaka 2007, DDR4 ya mwaka 2012, na DDR5 ya mwaka 2020. Vizazi hivi haviingiliani hata kidogo. DDR3 ya laptopu ina meno 204 ya kugusia umeme, DDR4 ina 260, na DDR5 ina 262. Hata pengo lililokatwa katikati ya meno huwekwa mahali tofauti, makusudi mtu asikosee. Ukiona kipande hakiingii, usikisukume kwa nguvu.

EliteBook 840 G2 hutumia kizazi cha tatu. Ramu ya 3200 ni ya kizazi cha nne. Haikuwa na njia ya kuingia. Na angalieni hatari iliyopo: EliteBook 840 G3, ndugu yake mdogo, yenyewe hutumia DDR4. Kwa Lenovo vilevile: ThinkPad T450 ni DDR3L, T470 ni DDR4, na T460 iliyo katikati bado ni DDR3L. Kwa hiyo usiseme tu, "Nataka ramu ya HP." Taja jina lote mpaka namba ya mwisho.

Mmeona tumeandika DDR3L. Ile herufi L ina maana. DDR3 ya kawaida hutumia umeme wa volti 1.5, na DDR3L hutumia volti 1.35. Ile yenye L inaweza kufanya kazi hata kwenye mashine ya volti 1.5. Lakini laptopu nyingi zilizotoka kuanzia mwaka 2013 zinazotumia kizazi hiki hudai ile yenye L tu. Ukiweka isiyo na L, inaweza kukataa kuwaka. Kama huna hakika kati ya hizo mbili, chukua yenye L.

KUSOMA LEBO

Kila kipande cha ramu hubandikwa karatasi ndogo. Tusome moja pamoja:

4GB 1Rx8 PC3L-12800S-11-13-B4

4GB ni ukubwa. 1Rx8 ni jinsi vijiwe vya kumbukumbu vilivyopangwa juu ya kipande. Tukitaka vipande viwili vinavyofanana, ni vizuri sehemu hii nayo ifanane. PC3L ni kizazi cha tatu chenye volti ndogo. 12800 ni jumla ya mzigo, ambayo tumekwisha kuijua. Herufi S huonyesha ni kipande kifupi cha laptopu, chenye urefu wa karibu sentimeta 7. Ukiona U mahali pa S, hicho ni kipande kirefu cha kompyuta ya mezani, cha sentimeta 13 hivi, nacho hakifai. Ile 11 ni idadi ya mapigo ambayo ramu husubiri kabla ya kuanza kutoa kitu ilichoombwa. Namba na herufi zinazobaki ni za kiwandani, tusijisumbue nazo.

Sasa tusome ya kizazi cha nne:

8GB 1Rx8 PC4-2400T-SA1-11

Hapa wamegeuza desturi. Baada ya PC4 hawakuandika 19200 bali 2400, yaani idadi ya mizigo. Ndiyo maana mtu anaweza kuona 12800 kwenye ramu ya zamani na 2400 kwenye ramu mpya, akadhani mpya ni ya polepole. Sivyo. Wamepima kwa vipimo viwili, kama mtu anayelinganisha magunia na debe. Kumbuka tu: namba ikiwa na tarakimu tano, au inaanzia 6400 kwenye ramu za zamani, ni jumla ya mzigo. Ikiwa ni kama 1600, 2400 au 3200, ni idadi ya mizigo. Kwa DDR5 uwe mwangalifu zaidi, maana yenyewe idadi ya mizigo huanzia 4800 na kupanda. Ndiyo sababu tunasema kizazi kisomwe kwanza.

JE, KASI KUBWA ITASAIDIA?

Wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka. Katika ramu neno hili lina ukweli wake.

Kwanza, laptopu ina kikomo chake. EliteBook 840 G3 huendesha ramu kwa 2133. Ukiiwekea ya 2400 au 3200 itafanya kazi, lakini kwa 2133 tu. Fedha uliyoongeza kwa ajili ya kasi imekaa bure.

Pili, vipande viwili vya kasi tofauti hutembea kwa mwendo wa yule mzito. Kama kuna cha 2400 ndani na ukaongeza cha 3200, vyote vitakwenda kwa 2400, au chini ya hapo ikiwa mashine yenyewe haifiki. Ni kama ng'ombe wawili waliofungwa nira moja.

Tatu, muda wa kusubiri haupungui kama namba zinavyovutia. Ramu ya DDR3-1600 husubiri mapigo 11. Ya kawaida ya DDR4-3200 husubiri mapigo 22, lakini mapigo yake ni mafupi nusu. Ukihesabu, zote mbili zinasubiri nanosekunde 13.75, yaani sehemu ndogo sana ya sekunde. Kasi imeongezeka katika wingi wa mzigo, lakini kitu cha kwanza kinafika kwa muda ule ule.

Kwa mwanafunzi anayeandika kazi zake, kusoma vitabu na kufungua kurasa za intaneti, kutoka GB 4 kwenda GB 8 ni nafuu kubwa inayoonekana. Kutoka 2400 kwenda 3200 kwa kawaida hataiona. Windows 11 yenyewe hudai angalau GB 4, na hapo bado hujafungua chochote. Kama laptopu ina nafasi mbili za ramu, vipande viwili vinavyofanana ni bora kuliko kimoja cha jumla ile ile, maana mzigo unapita njia mbili kwa pamoja.

Na ikiwa laptopu bado ina diski ya kuzunguka, huenda fedha ya kwanza ingeelekezwa kwenye diski ya SSD. Mwulize fundi hilo kabla hajataja ramu. Jambo hili lina uzito zaidi sasa, kwa sababu tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei za ramu zimepanda sana duniani. Viwanda vimeelekeza nguvu nyingi kwenye kumbukumbu za mitambo mikubwa ya akili bandia. Si wakati wa kununua kwa kubahatisha.

SWALI LA PILI

Mama wa Lalago anaogopa kumweleza mume wake. Tunamwelewa. Fedha ya pamba huja mara moja kwa mwaka, na kila shilingi ina mwenyewe: mbegu, dawa, ada, bati la nyumba. Hata hivyo tunamshauri aseme, tena mapema. Hasara iliyosemwa hutafutiwa dawa na watu wawili; iliyofichwa huja kugunduliwa siku ya ugomvi mwingine, nayo huonekana kubwa kuliko ilivyokuwa. Achague saa ya utulivu, aeleze ilivyotokea, na aeleze pia alichojifunza.

Na ana neno jema la kumwambia. Kipande kile hakijaharibika. Mwalimu, mwuguzi au mfanyabiashara wa jirani mwenye laptopu ya DDR4 anaweza kukitumia. Katika 840 G3, kwa mfano, kitakwenda kwa 2133 bila tatizo. Akiuze kwake kwa bei ya haki, akimwonyesha lebo na stakabadhi, na amruhusu akijaribu kwanza. Fedha itakayorudi inunue kipande kimoja cha GB 4 chenye maandishi PC3L-12800S, ikiwa nafasi ya pili iko wazi. Binti atakuwa na GB 8.

Tusimlaumu kijana aliyetumwa. Alitumwa bila karatasi. Wala tusiseme, kama tunavyosikia mara kwa mara, kwamba mambo haya ni ya wanaume na ya vijana. Mwenye fedha ndiye anayepaswa kujua.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Kateni sehemu hii mkaiweke ndani ya daftari la matumizi.

1. Andika jina kamili la laptopu pamoja na namba zake zote. Mara nyingi liko chini ya mashine au chini ya betri.

2. Kama laptopu inawaka na ina Windows 10 au 11, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Fungua ukurasa wa utendaji, kisha sehemu ya kumbukumbu. Utaona ukubwa, kasi, na nafasi ngapi zimetumika kati ya zilizopo. Mwombe mtoto akuonyeshe, atafurahi kukufundisha.

3. Hakikisha Windows ni ya biti 64. Ile ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4 hata ukiongeza.

4. Uliza kama ramu inafunguka. Laptopu nyingi nyembamba zimechomelewa ramu kwenye bodi. MacBook Air haina nafasi ya kuongeza. ThinkPad T440s ina GB 4 zilizochomelewa na nafasi moja tu.

5. Zima laptopu, chomoa chaji, toa betri kama inatoka, kisha fundi atoe kipande cha zamani. Nakili lebo yake herufi kwa herufi, au ipige picha kwa simu. Ikiwezekana, mwende nacho dukani.

6. Soma kwa mpangilio huu: kizazi (PC3, PC4 au PC5), herufi L kama ipo, herufi S, ukubwa, na kasi iwe ya mwisho.

7. Kabla ya kulipa, kubalianeni kwamba kisipoingia au kisipowaka kitabadilishwa. Lebo yote iandikwe kwenye stakabadhi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

8. Ukiweza, nenda na laptopu yenyewe. Iwashwe mbele yako, na uone kwa macho yako kwamba GB zimeongezeka.

Kwa mama wa Maswa, Bariadi au Meatu, nauli ya kwenda mjini na kurudi ni fedha ya kuhesabu. Karatasi moja iliyoandikwa vizuri inaweza kuokoa safari ya pili. Muuzaji akikuona unasoma lebo polepole, usione aibu. Kuuliza si ujinga, na duka jema hupenda mteja anayejua anachotaka, kwa sababu harudi na malalamiko.

Mwezi ujao tutazungumzia betri ya laptopu na chaji yake, jambo ambalo wengi wenu mmetuandikia.